Maswali na majibu ya mipangomiji: vaa buti kwanza, droni baadaye

Barua za safari hii nyingi ni za wanafunzi walioko fildi kwenye halmashauri za Mbeya, Iringa na Njombe, na chache ni za wananchi wenye viwanja vinavyowanyima usingizi. Nimeanza na swali ambalo nimeshalijibu mara nyingi mno.

Shikamoo mwalimu. Kati ya programu za kuchora ramani, nijifunze QGIS au ArcGIS? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Iyunga, Mbeya)

Marahaba. QGIS. Haina gharama, inakubali kompyuta ya kawaida, na ukihamia halmashauri isiyo na leseni ya ile nyingine hutakwama. Naomba swali hili liishie hapa. Hakuna mwananchi wa Ilomba atakayekuuliza umechora kwa programu gani. Atakuuliza kwa nini mtaro umeuelekeza jikoni kwake.

Mwalimu, niko fildi Iringa. Nilizunguka Ipogolo nikichukua pointi za nyumba kwa simu, nikaziweka juu ya mchoro wa zamani wa ofisi. Zote zimesogea, nyingine zimeangukia mto Ruaha Mdogo. Msimamizi anasema simu yangu mbovu. Ni kweli? (Mwanafunzi wa stashahada)

Simu yako ni nzima. Simu ya kawaida hukosea mita tatu, tano, au kumi ukiwa karibu na ukuta au chini ya mti. Haikosei kiasi cha kuzamisha mtaa mzima mtoni. Pima umbali kati ya nyumba ilipoangukia na pale inapotakiwa kuwa. Ukikuta takribani mita 200 hadi 300, na pointi zimekwenda upande wa kusini, umeshapata jibu: umechanganya datamu mbili, yaani misingi miwili tofauti ya kuhesabia mahali.

Michoro na ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya Arc 1960. Simu inasoma WGS 84. Namba za datamu hizo mbili zinafanana kwa sura, kwa hiyo jicho halishtuki, lakini ardhini zinatofautiana kwa umbali wa viwanja kumi na zaidi. Ulipoingiza pointi zako ukaiambia programu kuwa ni Arc 1960 ili ziendane na mchoro. Hapo hukuzigeuza, umezibandika jina tu. Zirudishe kwenye jina lake halisi, ambalo kwenye programu lina namba EPSG:4326 kama zimeandikwa kwa digrii, kisha iamuru programu izigeuze kwenda EPSG:21036, yaani Arc 1960 kwenye UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita) kanda ya 36 kusini. Nyumba zitapanda zenyewe kutoka mtoni.

Kanda nayo usiipuuze. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya 36 mashariki. Mbeya yote iko salama ndani ya 36. Iringa mjini pia imo, lakini kwa kubakiza kidogo tu. Ukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni umeshaingia 37. Nimeona kazi ya wanafunzi wawili wa mkoa mmoja ikikataa kuungana kwa sababu mmoja alikuwa upande huu wa mstari na mwenzake upande ule, na hakuna aliyeandika kanda yake kwenye faili. Andika. Kila faili liwe na datamu, kanda, tarehe na jina la aliyekusanya. Faili lisilo na hivyo vinne mimi silifungui.

Na msimamizi wako mpe heshima yake. Mwoneshe hesabu taratibu, mkiwa wawili, si mbele ya ofisi nzima.

Mwalimu naomba unitumie ramani ya Jiji la Mbeya ya PDF nifanyie risachi. (Bila jina)

Hapana. Chukua barua ya chuo, nenda ofisi ya jiji, jitambulishe, omba data yenye koordineti, yaani namba za mahali. PDF ni picha ya kutazama, haipimiki.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, anapenda mipangomiji. Apelekwe chuo gani, na kazi ipo? (Mama, Makambako)

Shahada, Chuo Kikuu Ardhi kilichoko Dar es Salaam ndicho kongwe katika fani hii. Dodoma kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Kwa stashahada kuna vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora. Sifa za kujiunga atazame kwenye mwongozo wa TCU (kwa shahada) au NACTVET (kwa stashahada) wa mwaka husika, asitegemee ujumbe wa kwenye makundi ya simu. Akimaliza, ajue kwamba kuna bodi ya usajili wa wataalamu wa mipangomiji iliyowekwa na sheria ya mwaka 2007. Bila usajili hawezi kusaini kazi kwa jina lake.

Kazi, mama, ipo nyingi kuliko ajira. Miji yetu inakua kila siku. Lakini mwulize binti swali moja: anapenda kutembea na kuzungumza na watu, au anapenda kompyuta tu? Kama ni kompyuta tu, kuna fani nyingine atakazofurahia zaidi.

Nimeoneshwa kiwanja Itezi, upande wa mlimani. Muuzaji ana mchoro wenye muhuri. Nilipe? (Msomaji, Uyole)

Usilipe bado. Niruhusu niwaambie na wengine, maana kila mwezi mtu analia kwa jambo hilihili.

Mchoro wa mipangomiji unasema eneo litatumikaje: hapa makazi, hapa shule, hapa barabara. Hausemi kiwanja ni cha nani. Mpima akishaweka mawe, na ramani ya upimaji ikaidhinishwa, hapo ndipo mipaka inajulikana. Hati ndiyo inayotaja mmiliki na muda wa umiliki, miaka 33, 66 au 99. Hizo ni hatua tatu, na muuzaji wako amekuonesha moja tu, halafu ile ya kwanza. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja hicho. Muuzaji akikwambia namba hazijatoka, basi ununuacho ni ahadi.

La pili, inua macho uangalie mlima. Aprili 2024 udongo uliporomoka kutoka Mlima Kawetere ukafukia nyumba hapohapo Itezi na kuharibu shule. Mwinuko mkali, udongo ulioshiba mvua, miti iliyokwisha. Muhuri hauzuii tope. Wanafunzi mnaosoma hapa, data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kutoka angani, inapatikana bure, kila chembe yake ni mraba wa kama mita 30. Haitoshi kusanifu ukuta, lakini inatosha kukuonesha ni wapi hupaswi kabisa kuchora viwanja. Tabaka la mwinuko liwe la kwanza kwenye kazi yenu, kabla ya barabara, kabla ya chochote. Kisha mkate mita 60 kila upande wa mto kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, na mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu. Wale waliojenga kando ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kati ya Nsalaga na Ifisi wanaielewa hiyo mita 30 vizuri zaidi yangu, tangu kazi ya njia nne ianze.

Natarajia tasnifu yangu iwe juu ya kutumia droni kupanga makazi holela. Unanishauri nini? (Mwanafunzi, anatokea Mbeya)

Kwanza kibali. Droni hairushwi kwa sababu umeinunua. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka kuijua, na vyombo vya ulinzi pia. Mtaarifu mwenyekiti wa mtaa mapema. Kitu kinacholia juu ya ua wa mtu asiyejua kinachoendelea kinaleta mawe, na mawe hayo ni haki yake.

Pili nikueleze kisa changu. Miaka iliyopita nilikuwa kwenye timu ya ofisi moja iliyopewa mtaa wa bondeni kuupanga upya. Picha ya kutoka angani ilikuwa safi, unahesabu bati kwa bati. Tulikaa mezani siku nne tukachora viwanja, tukapitisha njia ya gari katikati. Katikati ya ramani palikuwa na rundo la kijani. Tukaliandika migomba, tukaligawa viwanja vitatu. Kazi ikasonga hadi mawe yakapandwa.

Asubuhi ya tatu mawe manne yalikuwa yamechimbuliwa na kupangwa vizuri kando ya njia, mtu hakuyatupa. Tukaenda pale kwa hasira. Mama mmoja mzee alitupokea na ndoo mkononi, akatuambia, "Wanangu, nifuateni." Akainama akapita chini ya majani ya migomba, sisi nyuma yake, viatu vinazama. Ndani kulikuwa na chemchemi iliyojengewa mawe, imefunikwa na bati lenye kutu, na kikombe cha plastiki kimeanikwa kwenye kijiti. Kinjia cha kufika pale hakikuwa na upana wa mabega mawili, lakini kilikuwa kimekanyagwa hadi kinang'aa. Kiangazi, bomba likikauka, mtaa mzima unakunywa hapo. Sisi tulikuwa tumekiweka kiwanja namba fulani.

Mpango ule ulikufa. Haukufa kwa sababu picha ilikuwa mbaya. Ulikufa kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyekwenda kuinama chini ya migomba kabla ya kuchora.

Kwa hiyo tasnifu yako isiulize kama droni inafaa. Inafaa, hilo limekwisha. Chukua mtaa mmoja, uchore kutoka angani, halafu uutembee wote kwa miguu na mjumbe na akina mama wawili, uandike kila kitu ambacho picha haikukionesha: uchochoro, kaburi, chemchemi, choo kinachotumiwa na nyumba tatu, bati moja lenye familia nne. Orodha hiyo ndiyo tasnifu. Nitaisoma kwa furaha.

Kwa nini mpango kabambe (mpango mkuu wa mji) upo lakini mji unajijenga wenyewe? (Msomaji, Mtwivila, Iringa)

Kwa sababu watu hawasubiri. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 kwenye sensa ya 2012, likafika 541,603 mwaka 2022. Iringa mjini ilitoka 151,345 ikafika 202,490. Mpango kabambe unatazama miaka 20. Mwenye shamba anayedaiwa ada ya shule anatazama Januari. Anakata shamba vipande kwa hatua za miguu, anauza, na mpimaji akifika anakuta misingi.

Sababu nyingine haisemwi vya kutosha. Kila taasisi ina ramani yake. TARURA ina yake ya barabara, mamlaka ya maji ina ya mabomba, TANESCO ina ya nguzo, ofisi ya ardhi ina ya viwanja, mweka hazina anazo za kodi. Kila moja ni nzuri peke yake na hakuna iliyokutanishwa na mwenzake, ndiyo maana lami inawekwa leo na kukatwa mwezi ujao. Mbaya zaidi, mara nyingi ramani iko kwenye kompyuta ya mtumishi mmoja, na akihamishwa anaondoka nayo. Wakurugenzi, kabla hamjaidhinisha fedha za droni, ulizeni faili za mwaka jana ziko wapi.

Mimi ni mtendaji wa mtaa. Ofisini nina daftari la wakazi na simu yangu tu. Hiyo teknolojia inanihusu? (Iwambi, Mbeya)

Inakuhusu kuliko wote walioandika hapo juu. Unachokijua wewe hakimo kwenye satelaiti yoyote: maji yalipita wapi mvua ya mwaka jana, nani alihamia lini, njia ipi imezibwa na ukuta mpya. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi wa mitaa kuchora mitaro na maeneo ya mafuriko, na ramani zile zikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, ili kila mtu azitumie. Walianza kwa kutembea mtaani na wenyeji.

Fanya hivi. Chapisha picha ya mtaa wako kwenye karatasi kubwa. Mvua ikinyesha sana, toka na wajumbe wawili, mweke alama kwa kalamu nyekundu kila maji yalipoingia ndani ya nyumba, na tarehe pembeni. Usiandike majina ya wenye nyumba kwenye nakala itakayotoka ofisini. Nakala halisi isiondoke mezani kwako hata akija mtu mwenye suti. Ukimaliza karatasi ya kwanza, ipige picha unitumie. Na wewe mwanafunzi wa Iyunga uliyeuliza habari za QGIS, Iwambi si mbali na ulipo. Nenda Jumamosi ukamsaidie mtendaji huyu kuingiza alama zake, na uvae buti.