Wasomaji Wanauliza: Risiva ya Hom Thieta kwa Bei Nafuu

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimeona risiva mbili za 5.1, yaani mashine za kulisha spika tano na sabufa (spika ya besi) moja. Moja imeandikwa wati 140 kwa kila chaneli, nyingine wati 70, na hiyo ya 70 ndiyo ghali. Kwa nini nisichukue ya 140?

JIBU: Soma kwanza maandishi madogo yaliyo chini ya hizo wati. Mara nyingi namba kubwa hupatikana kwa kupima chaneli moja peke yake, kwa mlio mmoja tu wa hezi 1,000, kwenye spika ya omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), huku mkwaruzo ukiachiwa ufike asilimia 10. Sauti iliyokwaruza kiasi hicho hakuna anayeivumilia hadi filamu iishe. Ukikuta ile ya 70 imepimwa chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwenye omu 8, na mkwaruzo usiozidi asilimia 0.1, hizo ndizo wati za kuhesabu.

Hata namba zote mbili zingekuwa za kweli, wati zikizidishwa mara mbili sauti hupanda desibeli 3 tu. Spika ndiyo yenye neno kubwa hapa: spika ya desibeli 90 ikilishwa wati 50 hupiga sawa na ya desibeli 87 iliyolishwa wati 100. (Desibeli hizo hupimwa kwa wati 1, umbali wa mita 1, na huandikwa kwenye karatasi ya spika.) Kwa sebule ya kawaida wati 50 hadi 80 za kweli zinatosha. Fedha inayobaki iende kwenye spika.

SWALI: Deki ya hom thieta yangu ya zamani imekufa, lakini spika zake tano na sabufa ni nzima. Nikinunua risiva naweza kuziunga humo?

JIBU: Geuza spika usome nyuma. Seti za namna hiyo nyingi ni za omu 3 au 4, wakati risiva za bei ya chini kwa kawaida hutaka omu 6 hadi 8. Ukinzani ukiwa mdogo mkondo unaovutwa ni mkubwa. Kwa sauti ya chini hutaona tatizo. Ukipandisha, risiva inachemka kisha inajizima.

Sabufa nayo ina lake. Kama haina waya wake wa kuchomeka ukutani, ilikuwa ikilishwa na deki. Tundu la SUBWOOFER kwenye risiva hutoa ishara dhaifu tu, kwa hiyo unahitaji sabufa yenye amplifaya ndani yake.

Si lazima ununue zote kwa mpigo. Anza na spika mbili nzuri za mbele, kisha kwenye menyu ya risiva weka kwamba spika ya kati na za nyuma hazipo. Mazungumzo ya filamu yatahamishiwa kwenye hizo mbili badala ya kupotea. Ukipata fedha, ongeza ya kati kabla ya za nyuma.

SWALI: Nimepata risiva iliyotumika, ya kampuni inayoaminika, bei ya kutupa. Muuzaji anasema haipitishi picha ya 4K, na TV yangu ni ya 4K. Niiache?

JIBU: Usiiache kwa sababu hiyo. Picha si lazima ipite kwenye risiva. Chomeka vifaa vyote kwenye TV, halafu rudisha sauti kwa kebo ya HDMI kupitia matundu yenye alama ya ARC pande zote mbili. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Risiva ikiwa ya zamani zaidi ya hapo, tumia kebo ya optikali. Nayo hubeba Dolby Digital na DTS, mifumo ya sauti ya filamu, za 5.1. Kwenye menyu ya sauti ya TV chagua Bitstream au Auto, maana ukiacha PCM utapata chaneli mbili tu na utailaumu risiva bure. Utakachokosa ni sauti za Blu-ray zisizopunguzwa, kama TrueHD, ambazo kwa njia ya TV huhitaji eARC, toleo jipya zaidi la ARC.

Kabla ya kulipa, washa mlio wa majaribio usikilize kila chaneli, jaribu kila tundu la HDMI, zungusha kitufe cha sauti polepole usikie kama kinakwaruza. Uliza maikrofoni yake ya kupimia chumba. Ya kampuni nyingine haifai. Mwisho soma volti nyuma: iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, imekwisha.

SWALI: Risiva mpya, nikiwasha inaandika PROTECT na kuzima baada ya sekunde chache. Imeharibika?

JIBU: PROTECT maana yake risiva inajilinda. Huenda ni nyaya. Chomoa umeme, toa waya zote za spika, iwashe tupu. Ikikaa, kosa liko kwenye waya: uzi mmoja mwembamba wa shaba uliochomoza ukigusa tundu la jirani unatosha. Menya sentimita 1 tu, sokota nyuzi zibane pamoja, ingiza hadi shaba isionekane nje. Rudisha spika mojamoja, ukichomoa umeme kila mara, hadi uipate inayoleta kosa. Ikizima hata ikiwa tupu, irudishe dukani na risiti.