Usikimbilie Kubadilisha Lebo: Ushauri Kuhusu Uthabiti wa Majina ya Kisayansi ya Wanyama

Nilipoanza kazi ya kutunza makusanyo ya wadudu, kabati la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la mbu, na kosa langu kubwa la kwanza nililifanya humo. Mwaka 2004 wataalamu wa mbu walikuwa wamechapisha uainishaji mpya ulioipandisha Stegomyia, ambayo hadi wakati huo ilikuwa jenasi ndogo ndani ya Aedes, ikawa jenasi kamili (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu, nalo ndilo hutoa neno la kwanza la jina la kisayansi). Kwa hiyo mbu anayeeneza homa ya manjano na dengi, ambaye dunia nzima ilimjua kama Aedes aegypti, akawa Stegomyia aegypti. Niliona ni wajibu wangu kwenda na wakati. Nilitoa lebo za zamani kwenye pini moja baada ya nyingine, nikaandika mpya, nikabadilisha jina kila lilipoonekana katika hifadhidata, na lebo za zamani nikazitupa.

Wakati mimi nikifanya hivyo, baadhi ya majarida ya sayansi yalikuwa yamekwisha kuwaambia waandishi wao waendelee kutumia jina la zamani. Kwa miaka kadhaa mdudu mmoja akawa na majina mawili katika maandishi ya wakati mmoja, na aliyetafuta kumbukumbu zake kwa jina moja alipata sehemu tu ya alichokihitaji. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine uliirudisha Stegomyia ndani ya Aedes. Nilirudi kwenye kabati lilelile kubadilisha nilichokwisha kukibadilisha, na hapo ndipo nilipotambua nilichopoteza. Lebo nilizotupa zilikuwa na mwandiko wa watu waliowatambua wale mbu na miaka waliyofanya kazi hiyo. Bila lebo hizo, hakuna awezaye kujua kama mbu fulani alichunguzwa kwa darubini na mtu anayemjua, au alipewa jina kwa kunakiliwa kutoka kwenye sanduku la jirani.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao naona unazidi yote yafuatayo kwa uzito, ni kwamba lebo ya zamani haitolewi kamwe. Jina jipya huandikwa kwenye lebo mpya inayowekwa chini ya ile ya awali, pamoja na jina la aliyefanya badiliko, mwaka, na chapisho alilolifuata. Katika hifadhidata kuwe na sehemu mbili zisizochanganywa: jina kama lilivyoandikwa hapo mwanzo, ambalo haliguswi, na jina linalokubalika sasa, ambalo linaweza kubadilika mara nyingi kadiri itakavyohitajika.

Ushauri wa pili ni kujiuliza, kabla ya kulifuata badiliko lolote, limetokana na nini. Majina hubadilika kwa sababu mbili zisizofanana. Kuna badiliko linalotokana na kanuni, kwa mfano pale inapogundulika kwamba mnyama alikwisha kupewa jina mapema zaidi ya lile tulilolizoea, au kwamba jina lake lilikuwa limekwisha kutumiwa kwa mnyama mwingine. Na kuna badiliko linalotokana na maoni ya kitaalamu kuhusu undugu wa wanyama: huyu anaona jenasi igawanywe, yule anaona ibaki nzima. Badiliko la Stegomyia lilikuwa la aina hii ya pili. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Kizoolojia zinatamka wazi kwamba lengo lake ni uthabiti wa majina na kutumika kwake kwa namna moja duniani kote, lakini zinatamka pia kwamba hazizuii uhuru wa mtaalamu kuainisha anavyoona. Hivyo hakuna kifungu kinachokulazimisha kufuata uainishaji wa jana, hata kama umechapishwa katika jarida la heshima. Unaruhusiwa kusubiri uone kama wataalamu wengine wameukubali. Mimi sikujua hivyo. Nilidhani kila kilichochapishwa ni amri.

Kanuni zenyewe zinastahili kusomwa, na hazitishi kama sura yake inavyoonesha. Tume ya Kimataifa inayozisimamia iliundwa mwaka 1895, na toleo la nne linalotumika sasa lilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2000. Mwanzo wa majina yote ya wanyama umewekwa kuwa tarehe 1 Januari 1758, siku inayohesabiwa kuwa ya kuchapishwa kwa toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeweka mfumo wa majina ya maneno mawili. Kitabu cha Clerck kuhusu buibui wa Sweden nacho kimepewa tarehe hiyohiyo. Tangu hapo, jina lililotangulia ndilo lenye haki. Wengi huishia hapo, kisha humkuta mtu aliyefukua jina lililosahaulika katika kijitabu cha karne ya 19, nao humpisha bila swali.

Si lazima. Toleo la nne linalilinda jina lililozoeleka pale masharti mawili yanapotimia kwa pamoja: kwanza, jina la zamani liwe halijatumiwa kama jina halali baada ya mwaka 1899, pili, jina lililozoeleka liwe limetumiwa kama jina halali la mnyama huyo katika maandishi yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyotangulia, na maandishi hayo yawe yametawanyika katika kipindi kisichopungua miaka 10. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Tyrannosaurus rex, jina la mwaka 1905, kwa kuwa mwaka 1892 vipande vya pingili za uti wa mgongo, vinavyodhaniwa na wengi kuwa vya mnyama huyohuyo, vilikuwa vimepewa jina la Manospondylus gigas. Ukikutana na jina kongwe lililofufuliwa, kaa chini uhesabu maandishi hayo 25. Niliwahi kuifanya hesabu hiyo kwa mbawakawa mmoja, ikanichukua siku tatu, na jina ambalo watu walikuwa wamelitumia maisha yao yote likabaki mahali pake.

Jambo ninalotamani lifundishwe mapema kuliko linavyofundishwa ni kwamba jina la kisayansi halining'inii hewani. Limefungwa kwenye kielelezo halisi kilichohifadhiwa mahali fulani, yaani taipu. Maelezo ya mwandishi yanaweza kuwa mabovu na mchoro ukawa wa kubahatisha, lakini jina litamfuata mnyama ambaye kielelezo chake ndicho taipu. Tembo wa Asia anaonesha uzito wa jambo hili. Linnaeus alipomwita Elephas maximus mwaka 1758 hakuteua kielelezo kimoja, bali alitegemea vyanzo kadhaa, kimojawapo kikiwa kijusi cha tembo kilichotunzwa ndani ya spiriti, ambacho bado kipo Stockholm. Watafiti walipochunguza protini na DNA ya kijusi hicho, katika kazi iliyotangazwa mwaka 2013, walikuta kwamba ni tembo wa Afrika. Kama kielelezo hicho kingeteuliwa kuwa taipu pekee, jina la tembo wa Asia lingehamia kwa ndugu yake wa Afrika, na vitabu vyote vingepaswa kuandikwa upya. Badala yake waliteua kiunzi cha mifupa kilichoko Florence, ambacho John Ray, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alikiona mwaka 1664 na ambacho Linnaeus alikuwa amekitegemea kupitia maandishi ya Ray. Mifupa ile ni ya tembo wa Asia kweli, na jina likatulia.

Kwa hiyo, unapoandika kuhusu spishi yenye utata, tafuta taipu iko wapi na nani aliyeiona mara ya mwisho. Na kama wewe ndiye mtunzaji, ithamini taipu kuliko kielelezo kingine chochote ulichonacho, kwa kuwa ikipotea mlango wa mabishano hufunguka.

Kuhusu uandishi wa jina lenyewe nitasema machache. Walau mara moja katika kila andiko, taja mwandishi wa jina na mwaka, kwa kuwa majina yanayofanana ni mengi na mwaka ndio unaoyatenganisha. Zingatia mabano: Panthera leo (Linnaeus, 1758) ina mabano kwa sababu Linnaeus alimweka simba katika jenasi Felis, na mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba atafute kumbukumbu za zamani chini ya jenasi nyingine. Kumbuka pia kwamba mwisho wa jina la spishi hufuata jinsia ya kisarufi ya jina la jenasi. Bundi mweupe wa nchi za baridi alikuwa Nyctea scandiaca, na alipohamishiwa Bubo akawa Bubo scandiacus. Mashine ya kutafutia haijui Kilatini, kwa hiyo tafuta kwa miisho yote. Tena, Kanuni za wanyama haziingiliani na za mimea: Oenanthe ni jenasi ya ndege na pia ni jenasi ya mimea, na zote mbili ni halali.

Lipo badiliko ambalo hatupaswi kulipinga hata kidogo, nalo ni lile linaloletwa na ujuzi mpya wa kweli. Mbu wa malaria aliyeitwa Anopheles gambiae amethibitika kwa miongo mingi kuwa kundi la spishi zinazofanana mno kwa macho, na mwaka 2013 sehemu ya wale waliobaki na jina hilo ilitenganishwa ikaitwa Anopheles coluzzii. Uthabiti hauna maana ya kuficha ukweli kama huo. Hata hivyo kumbukumbu iliyoandikwa gambiae mwaka 1985 haiwezi kugeuzwa kuwa coluzzii, wala kuachwa ionekane kana kwamba ni gambiae wa leo. Iache kama ilivyo, kisha uongeze maelezo kwamba jina limetumika kwa maana pana. Nimeona ramani za mbu zilizokosewa kwa sababu tu mtu alipuuza maneno hayo machache.

Swali gumu zaidi kwangu ni la majina yanayoumiza. Nyati wa Afrika anaitwa Syncerus caffer, jina la spishi lililotolewa na Sparrman mwaka 1779. Asili yake ni neno lilelile la Kiarabu lililotupatia kafiri, ambalo huko Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi zito dhidi ya watu weusi. Mwaka 2024 wataalamu wa mimea, waliokutana Madrid, walipiga kura ya kubadilisha tahajia ya majina ya mimea yenye caffra na mengine ya namna hiyo yawe affra. Upande wa wanyama, wajumbe wa Tume walikuwa wamekwisha kueleza mwaka 2023 kwamba kubadilisha majina kwa misingi ya maadili hakuwi sehemu ya kazi yake. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na silichukulii kirahisi, kwa sababu nalifahamu neno hilo na maumivu yake. Maoni yangu ni kwamba jina lililokwisha kuwa ufunguo wa maandishi ya zaidi ya karne mbili libaki, historia yake ielezwe waziwazi kila linapofundishwa, na nguvu zetu tuzielekeze kwenye majina mapya, ambako maadili yaliyoambatanishwa na Kanuni yanamtaka mwandishi asitoe jina analodhani litamkera mtu kwa sababu yoyote ile. Anayefikiri tofauti namwelewa.

Kama ni wewe unayetoa jina jipya, usiwe na haraka. Chunguza kama jina hilo halijatumiwa. Teua holotaipu, yaani kielelezo kimoja kitakachokuwa taipu ya jina hilo, na useme imehifadhiwa wapi. Ikiwa chapisho lako ni la kielektroniki tu, lisajili kwanza ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na uioneshe namba ya usajili ndani ya chapisho lenyewe, maana tangu mwaka 2012 hilo ni sharti, na jina lililotolewa bila kulitimiza halihesabiki. Usichapishe majina kwa wingi katika kijarida unachokihariri mwenyewe, bila mtu mwingine kuipitia kazi yako. Majina ya namna hiyo yanaweza kutimiza masharti yote ya Kanuni na bado yakawaachia wengine miaka ya usumbufu.

Itafika siku ambayo kanuni ya kutangulia itatishia jina muhimu na masharti niliyoyataja hapo juu hayatatimia. Hapo unaweza kuiandikia Tume, ambayo ina mamlaka ya kuzisimamisha Kanuni zake kwa shauri moja mahususi. Usitarajie kwamba itakubali kila ombi. Mwaka 2010 ilikataa ombi la kumfanya Drosophila melanogaster kuwa spishi taipu ya jenasi yake, yaani spishi ambayo jina la jenasi hubaki nayo jenasi ikigawanywa, ingawa waombaji walionya kwamba jenasi hiyo, yenye spishi zaidi ya 1,500, ikigawanywa, nzi anayejulikana kuliko wote katika maabara za jenetiki ataitwa Sophophora melanogaster. Jina lake halikubadilika hata hivyo, kwa kuwa kuukubali mgawanyo huo kumebaki mikononi mwa wataalamu wenyewe, na wengi wameendelea kumwita Drosophila.

Ombi la kobe mkubwa wa Aldabra lilikubaliwa. Ilidaiwa kwamba kielelezo alichokitumia Schweigger mwaka 1812 kutoa jina gigantea kilikuwa cha kobe wa Amerika Kusini, na wengine wakaanza kutumia dussumieri. Shauri lilifunguliwa mwaka 2009, likavuta maoni mengi ya kuunga mkono na ya kupinga, na mwaka 2013 Tume ikaamua kwamba gigantea libaki kuwa jina la kobe wa Aldabra. Ikiwa utafungua shauri kama hilo, jiandae kusubiri kwa muda wa namna hiyo, na uwakumbushe wenzako jambo ambalo wengi hawalijui: Kanuni zinaelekeza kwamba, shauri likiwa mbele ya Tume, jina linalotumiwa na wengi liendelee kutumika hadi uamuzi utakapochapishwa. Katika kipindi hicho chote, lebo zilizopo kwenye kabati zibaki kwenye pini zake.