Prado ya 1KZ kunywa mafuta safari ndefu: kabla ya kushusha pampu, angalia haya

Mkuu, kwa maelezo yako gari ni Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, otomatiki. Mjini haina neno, ila ukishika njia ya Dodoma kutoka Dar inakupa kilomita 7 kwa lita au chini ya hapo. Filta zote mpya, na sasa fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. Usimruhusu kwanza. Pampu au nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini) zikichoka, hata kwenye foleni utajua: moshi mweusi, kuwaka kwa taabu asubuhi, injini kugonga ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Gari inayosumbua barabara kuu peke yake, mimi huanza na joto la injini pamoja na gia.

Nilikuwa na Prado kama hiyo, niliinunua mkononi kwa mtu. Kupanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, mshale wa joto ulikuwa unapita pale ulipozoea kukaa, hadi nazima AC. Nikifika Mafinga, baridi ya Juni, nawasha hita inapuliza hewa ya uvuguvugu ambayo haikaushi hata kioo. Safari ileile moja! Mafundi wa Dar walishanisomea pampu, nozeli, hata tabo (turbo). Mzee mmoja wa gereji Iringa aliomba injini ipoe, ikawashwa upya, akaweka mkono kwenye hozi ya chini ya rejeta akakaa kimya kama dakika tano. Halafu akaniambia, "Baba, humu hamna themostati." Tukafungua: tupu kabisa, pembeni imepakwa silikoni ya bluu.

Ndiyo ile kauli mnayoijua wote, "nchi yetu ya joto, hicho kidude hakina kazi." Kazi kinayo. Kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiking'oa, ukiwa kwenye mwendo wa 100 upepo unaipiga rejeta muda wote na dizeli haipati joto linalotakiwa, kwa sababu injini ya dizeli ikiwa haijabeba mzigo mkubwa huzalisha joto dogo. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi, inapima mafuta na taimingi (wakati wa kuyapiga) kwa hesabu za injini baridi. Mjini huoni tofauti kubwa, maana mwendo ni mdogo na upepo haba.

Na ile ya Kitonga? Kuna njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikifunguka, kitako chake kinaiziba hiyo njia. Ikiwa haipo, njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani tu bila kupoa. Kwenye tambarare husikii kitu, mlimani ukiwa na mzigo inachemka. Kwa 1KZ hilo si la kuchezea, silindahedi zake (kichwa cha juu cha injini) zinajulikana kwa kupasuka.

Sasa gia, na hapa ndipo mafuta mengi yanapopotelea. Ndani ya tokikonveta, kile kiungo kati ya injini na gia ya otomatiki, kuna klachi inayofunga ukiwa kwenye mwendo wa kutulia, ili injini na gia vizunguke pamoja bila kuteleza. Kompyuta hairuhusi ifunge injini ikiwa baridi, na gia ya nne nayo inaweza kunyimwa. Kwa hiyo unasafiri kilomita mia nne na ushee konveta ikiteleza, mafuta yanageuka joto la oili ya gia.

Kuipima huhitaji mashine. Injini ikiwa ya moto, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, tulia kwenye 90 hivi bila kubadilisha mguu wa mafuta. Gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, taa za breki ziwake tu bila gari kushikwa. Kama klachi ilikuwa imefunga, mshale wa mzunguko utaruka juu kidogo, mizunguko mia mbili au tatu kwa dakika, kisha ukiachia utarudi chini baada ya muda mfupi. Mshale usipotikisika kabisa, klachi haikuwa imefunga. Kabla ya kulaumu gia, angalia kama taa za breki zinawaka muda wote, swichi ya pedeli ikikwama kompyuta inaona umekanyaga breki safari nzima. Angalia pia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Usicheke, kuna watu wanabonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia kwa bahati mbaya na kufika Singida na gia ya tatu.

Themostati yenyewe ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu. Nunua yenye nyuzi joto za Toyota (namba imegongwa juu yake) na raba mpya, kataa silikoni. Ikiwa ipo na ni nzima, badilisha sensa ya joto la maji ya kompyuta. Sensa hiyo ni tofauti na ile ya mshale wa dashibodi, kwa hiyo mshale unaweza kukaa katikati vizuri huku kompyuta ikidanganywa. Gari yangu ilitoka kilomita saba na kidogo kwa lita ikakaribia tisa. Kwa gari zito kama hili, usitegemee maajabu zaidi ya hapo.

Mengine ni ya haraka: keria tupu juu ya paa ishushe, upepo wa tairi upime, ukisimama Gairo sogeza mkono karibu na rimu kila upande, ya moto kupita wenzake ina breki inayokamata. Na usipime mafuta kwa kwenda tu. Dodoma iko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenda lazima ile zaidi. Jaza fulu, nenda, rudi, jaza tena sheli ileile.

Halafu hukusema umevaa tairi gani. Kama mwenye gari wa zamani alitoa 265/70R16 akaweka 285/75R16 ili ipendeze, kila kilomita 100 kwenye dashibodi ni 107 za kweli. Hapo hiyo 7 yako ni saba na nusu. Soma ubavuni utuwekee namba.