Kabla hujanunua ngozi za Idi

Kila ikikaribia Idi Kubwa vijana wa Wete huniuliza: "Ami, ngozi za mbuzi zinatupwa, mbona hatuzidabaghi (kuzitengeneza zisioze) na manyoya yake tukauza Ulaya?" Nami niliwahi kuiota ndoto hiyo. Ilinila ngozi 30.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kusoma. Nilikuta jedwali la biashara ya manyoya baina ya nchi, msimbo wa forodha 4302, nikagawa thamani kwa uzito nikasema nimetajirika. Kumbe msimbo ule unakusanya kila ngozi iliyodabaghiwa na manyoya yake: mbuzi, kondoo, na pia minki (mnyama mdogo wa manyoya ghali) na mbweha wa kufugwa wa nchi za baridi. Hao ndio wanaoipandisha bei ya wastani. Nao wana balaa zao: mwaka 2020 Denmark iliamua kuua minki wake wote wa kufugwa kwa sababu ya korona, na mwaka 2021 Israel ikapiga marufuku kuuza manyoya kwa mavazi ya fasheni. Mbuzi wa Pemba hana habari na hayo yote. Ngozi yake ikiwa mbichi hata haimo humo, inahesabiwa kwenye msimbo mwengine, 4103.

La pili ni chumvi. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, nikakaribishwa pilau (nani angekataa?), nikazitia chumvi usiku. Kwa joto na unyevu wetu huu, siku ya nne manyoya yalinyofoka kama ya kuku aliyetiwa maji moto. Ngozi yataka chumvi ikishapoa tu, upande wa nyama, mpaka pembeni. Kilo mbili za ngozi, kilo moja ya chumvi, wala usione hasara.

Tena, aliyechinja udhhiya, yaani dhabihu ya Idi, haimpasi kuiuza ngozi yake. Nunua kwa maskini aliyepewa sadaka, na muulize shehe wako. Ngozi ya paa nunga, paa mdogo adimu anayelindwa, usiiguse hata ukipewa bure.

Mwaka jana nilifanya sita tu, kwa shabu (ile dawa ya mawe ya kudabaghia) na chumvi. Nne alichukua mwenye nyumba ya wageni, akazitandika vitini. Mafundi ngoma hawakutaka hata moja: wao wanataka ngozi mbichi iliyokaushwa, ya kudabaghiwa hailii. Mbili zimo barazani kwangu, paka kazihamia.