Sarafu ya babu ina kamstari: ni ufa wa chapa au mtu kaikwaruza?

SWALI: Kaka habari za kazi. Babu katuachia kopo la sarafu, humo kuna moja ya 1916 imeandikwa 20 HELLER, sasa upande wenye taji kuna kamstari kanatoka kwenye taji mpaka ukingoni. Nimempelekea sonara kasema hiyo imechanika, haifai, atanipa bei ya shaba tu. Nimuuzie? – Msomaji, Tabora

JIBU: Usimuuzie! Bei ya shaba hapo ni dhuluma, hata kamstari kawe nini.

Kwanza hiyo sarafu iko kwao kabisa, heller zilikuwa senti za Wajerumani walipotawala huku, na hiyo ilipigwa hapohapo Tabora. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walikuwa wamefunga bahari, pesa kutoka Ujerumani hazifiki, basi Wajerumani wakaanza kujipigia wenyewe kwa shaba waliyookoteza, mpaka maganda ya risasi, na kaherufi T kalikopo ni ka Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji, kazi ikaishia hapo. Sasa kwa vifaa vya kuungaunga namna ile, chapa kupasuka lilikuwa jambo la kutegemea.

Chapa ni kile chuma kigumu kilichochongwa picha kwa kinyume, ndicho kinachogonga shaba, kikigonga weee mwisho kinachoka kinapata ufa. Kuanzia hapo kila sarafu inayopigwa, shaba inajipenyeza kwenye ule ufa, kwa hiyo kwenye sarafu unaona mstari ULIOINUKA. Mkwaruzo ni kinyume chake, unazama, na pembeni yake shaba imesukumwa kama tuta la jembe.

Azima ile lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, washa tochi ya simu uilaze ubavuni, sio juu, halafu zungusha sarafu taratibu. Ufa wa kweli unapindapinda, unapita sehemu tupu ya sarafu unapanda mpaka juu ya taji bila kukatika, na rangi yake ni ileile ya sarafu nzima. Ukiona mfereji unaong'aa chini, hapo kuna mtu kapitisha msumari. Sarafu yenyewe kupasuka, hicho anachosema sonara, ni kitu kingine, utaona uwazi au shaba imebanduka gamba.

Ila usianze kuota kiwanja, ufa mwembamba peke yake hauongezi bei sana. Wakusanyaji wa sarafu za Tabora wanaangalia zaidi chapa ipi ilitumika, kuna ya taji kubwa na ya taji dogo, na sarafu imechakaa kiasi gani.

SWALI: Mimi nina shilingi ya simba ya 1950, pembeni ina donge limeziba sehemu ya maandishi, jamaa anaitaka anasema ni eror kubwa, yaani kosa la kiwandani. Nitajuaje kama si lehemu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Donge la ukingoni ndilo wanalolipia hela ya maana, kwa hiyo ndilo linaloghushiwa pia. Linatokea pale ufa ukikata pembe ya chapa, kipande kikadondoka kabisa, madini ya sarafu yakajaa lile pengo. Donge la kweli halina picha wala herufi juu yake na limeungana na ukingo.

Sasa geuza. Shika donge kwa kidole gumba, kidole cha shahada kikae nyuma yake palepale, utazame hapo kwenye upande wa King George. Kama donge ni la kweli herufi za hapo zitakuwa hafifu au zimefutika, maana madini yaliyotakiwa kuzijaza yalikimbilia kwenye pengo la ng'ambo. Herufi zikiwa kali vilevile kama zingine, mimi ningeshuku. Halafu ipime kwenye mzani wa sonara, shilingi hiyo ni gramu 7.8 hivi, na iliyotumika inapungua kidogo, haiongezeki. Ikizidi, kuna kitu kimebandikwa. Na huyo jamaa anayeitaka haraka mwambie asubiri upime kwanza.

SWALI: Naweza kuzisugua kwa ndimu na majivu ili huo ufa uonekane vizuri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana jamani! Ufa ni mwinuko mwembamba sana, majivu yanausaga wa kwanza, halafu yanakuachia mikwaruzo mipya kila mahali. Maji safi, sabuni kidogo, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa tu.