Maswali na majibu: kofia za njiti, pweza wa uzi na mablanketi ya sadaka

Nataka kufuma kofia za watoto njiti nizipeleke wodi ya wazazi. Nianze na vishono vingapi? (Msomaji, Chake Chake)

Usianze na vishono, anza na kichwa. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 kichwa chake huwa kama sentimita 26 kuzunguka, wa wiki ya 32 kama 29, na wa aliyetimia miezi yake huwa sentimita 34 au 35. Kofia iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 2 hivi, maana kitu cha kufuma huvutika. Ikiwa kubwa humshukia mtoto hadi puani, na njiti hana nguvu ya kuiondoa.

Chukua uzi laini wa pamba wa unene wa kati na sindano ya kulabu ya milimita 3.5. Fanya pete ya uzi inayokazika, utie vishono 8 vya nusu-urefu: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza, vuta, kisha pitisha uzi katika vitanzi vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Mzunguko wa pili tia viwili katika kila kimoja, upate 16. Wa tatu ongeza baada ya kila kimoja, 24. Wa nne baada ya kila viwili, 32. Endelea hivyo hivyo, nane kila mzunguko.

Sasa weka duara mezani upime. Kofia ya sentimita 27 kuzunguka inataka duara lenye upana wa sentimita 8.5 hivi (gawa mzunguko kwa 3.14). Kwa uzi huo utafika baada ya mzunguko wa tano au wa sita. Likifika, acha kuongeza, teremka moja kwa moja mpaka urefu kutoka utosini uwe kama sentimita 11. Duara likijikunja kama bakuli kabla ya wakati, umesahau kuongeza au mkono wako unakaza mno. Ukingo ukifanya marinda, umeongeza kupita kiasi. Fumua mzunguko mmoja tu uhesabu tena, usifumue yote.

Vifungo, riboni na vishada vya juu havitakiwi. Ncha za uzi zipenyeze kwa ndani, sentimita 3 kwenda, 3 kurudi, na 3 tena kwenda. Fundo peke yake hufunguka, na uzi uliolegea ndani ya kofia au soksi humzunguka mtoto kidole ukamkatia damu.

Kofia hizi zina kazi hasa pale njiti anapolazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu. Mtoto aliyetimia, yuko nyumbani, na kaskazi imeshika joto, hana haja nayo.

Sweta za mitumba ni rahisi kuliko uzi mpya. Naweza kuzifumua? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Unaweza, ila ligeuze ndani nje kabla hujalilipia. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kila kipande kina ukingo wake uliofumwa, na viwili vimeshikwa kwa mnyororo wa uzi, hilo linafumuka. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi ukapigwa ovaloki, liache. Kila mstari ulishakatwa pale pembeni, na utakachopata ni vipande vya urefu wa mkono.

Kujua ni uzi gani, kata unyuzi wa wanda mbili, ushike kwa kibano, uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na jivu lake ni laini. Sufu hunuka nywele. Akriliki huyeyuka ikaacha punje nyeusi ngumu. Ya kwanza ni ya kofia, ya tatu ni ya blanketi. Sufu usiipeleke hospitali: huwasha, na ikifuliwa kwa maji ya moto hunywea.

Fungua kwanza mishono ya kuungia, kisha fumua kuanzia mabegani. Zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge kwa ulegevu mahali pane, ufue, uutundike kivulini na kitu chepesi kikiuvuta kwa chini. Wengi huruka hatua hii. Uzi uliobaki na mikunjo hujinyoosha baadaye, ukishafuliwa, na kofia uliyoipima vizuri ikawa kubwa.

Nizifukize udi kabla ya kuzipeleka? (Msomaji, Mkunazini)

Hapana. Wala asumini, wala sabuni ya manukato. Mapafu ya njiti hayawezi moshi. Fua, suuza mara mbili, anika juani mpaka zikauke kabisa. Zikifungwa na unyevu kwenye mfuko, hasa wakati wa masika, zitafanya koga.

Kuna watu wanafuma pweza kwa ajili ya njiti. Ni kweli au mapambo tu? (Msomaji, Wete)

Kitu hiki kilianzia Denmark mwaka 2013. Wazo ni kwamba mikono ya pweza humkumbusha mtoto kitovu, akaishika hiyo badala ya kuvuta mipira ya kupumulia na ya kulishia. Ni wazo zuri, si tiba. Wapo wauguzi ambao hawataki chochote cha kuchezea karibu na njiti kwa kuogopa maambukizi. Kwa hiyo muulize muuguzi mkuu wa wodi kabla hujanunua uzi.

Akikubali: pamba tupu inayohimili kufuliwa kwa nyuzi joto 60, sindano ya milimita 2.5, na ufume kwa kukaza mpaka tundu lisionekane. Kila mkono ni mnyororo wa vishono 45, kisha rudi ukitia vishono vifupi (ingiza, vuta, pitisha uzi katika vitanzi viwili) viwili katika kila kimoja, nao utajisokota wenyewe. Uvute uupime: usizidi sentimita 22. Macho yatarizwe, yasiwe vifungo. Ndani tia nyuzi za polista. Sufi ya mto haifai, hugandamana ikifuliwa na vumbi lake hupenya nje. Na mikono iwe minane, pweza wa Forodhani hapungui hata mmoja.

Tuko akina mama kumi, kila mmoja anafuma miraba ya blanketi la nyumba ya watoto yatima. Miraba haitoshani! (Msomaji, Jambiani)

Mikono haifanani. Anayekaza hatalegeza kwa kuambiwa, mbadilishie sindano, nusu milimita juu au chini. Kateni kadibodi ya sentimita 20 kwa 20, na kila mraba ulazwe juu yake kabla ya kukata uzi. Miraba 35, mitano kwa saba, hutoa blanketi la sentimita 100 kwa 140, na uzi kama kilo moja.

Mraba wa pamba uliopungua kidogo unaweza kuulowesha ukaubana kwa pini juu ya godoro lililotandikwa khanga mpaka ukauke. Akriliki hairekebishiki hivyo, itarudi ilivyokuwa. Hiyo iongezeeni mstari mmoja wa vishono vifupi pande zote nne, na kwenye kila kona mtie vitatu mahali pamoja, la sivyo mraba utajikunja kama mkeka uliolowa.