Kwa mnaoanza kupiga picha za uchafuzi wa migodi Lubumbashi

Wadogo zangu, kila anayeanza hurudi na picha zilezile: Mumbunda, lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na kile kilima cheusi cha taka za tanuri, jua likizama. Zinapendeza, lakini hazituambii lolote juu ya mtu anayekula na kunywa karibu na hapo.

Jicho hudanganya sana katika kazi hii. Maji mekundu ya masika mara nyingi ni udongo tu uliosombwa na mvua. Jiwe la kijani ni malakiti, ndivyo shaba ilivyo ardhini. Maji ya hatari yanaweza kuwa maangavu kabisa, kwa kuwa asidi huyeyusha metali, na metali ikishayeyuka huioni tena. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti, metali inayochimbwa hapa pamoja na shaba, nyingi kuliko waliokaa mbali, hasa watoto. Kobalti hiyo kamera haiioni. Inaweza kuona njia inayoweza kuifikisha mwilini.

Mimi nafuata lengalenga, yaani mchicha. Mama anamwagilia bustani kando ya mto kwa ndoo. Wakati wa kiangazi malori yakipita, vumbi hutanda kwenye majani. Pitisha kidole, alama inabaki. Anachuma, anafunga mafungu, anayachovya tena mtoni yasinyauke, kisha beseni kichwani hadi soko la Kenya, eneo la hapahapa Lubumbashi. Jioni ni sufuria, bukari (ugali) na mikono ya watoto. Sogea karibu na mikono hiyo.

Ila hapo ndipo pa kujihadhari kuliko pote. Uso wa mama huyo ukionekana, wanunuzi watamkimbia yeye, na mgodi utaendelea na kazi. Piga mgongo, beseni, vidole. Mwonyeshe picha kabla hujaondoka. Akisema futa, futa mbele ya macho yake.

Chini ya picha usiandike "maji ya sumu" bila kipimo cha maabara. Andika tarehe, saa, mahali, umbali hadi kiwandani, upepo ulikotoka. Upepo si jambo dogo: wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, na ndio uliopeleka moshi wa tanuri upande wa Penga Penga miaka mingi hadi udongo ukabaki mtupu. Nendeni mkaone. Mkipata mtu wa maabara, achote maji saa ileile unayopiga, chupa na picha vipewe namba moja.

Mkifika mtaani, anzeni kwa shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, karatasi mkononi. Rangi msizikoleze kwenye kompyuta, na faili la asili litunzwe sehemu mbili, maana siku kampuni ikibisha, mwanasheria wake ataomba hilo kwanza.